Nani atalipia jibu litakalokuja baada ya miaka ishirini?

Bajeti ya miundombinu ikishasomwa maswali yanakuwa yaleyale, kilomita ngapi za lami, madaraja mangapi, reli itafika lini. Sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza mwaka huu tumetenga kiasi gani ili tujue kwa nini lami ya mwaka juzi imeshapasuka. Na huo mstari wa utafiti ukiwepo ndio wa kwanza kukatwa mambo yakibana, kwa sababu ukiukata hakuna anayelia, barabara haifungwi kesho, daraja halianguki wiki ijayo, madhara yanakuja taratibu miaka kumi au ishirini baadae wakati aliyekata keshastaafu zamani. Mi nafanya kazi maabara, upande wa lami na udongo wa barabara, na hili jambo linaniuma sana, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu kwa nini naamini ni serikali, na sio mtu mwingine yeyote, inayopaswa kulipia utafiti mzito wa barabara, madaraja na reli, na pia hela yenyewe itolewe vipi, maana kutoa hela tu hakutoshi.

Nianze na jaribio moja ambalo kila aliyesoma uhandisi wa barabara kalisikia hata kama hajui lilifanyikaje. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, mamlaka za barabara za majimbo na serikali kuu zilichanga hela zikajenga barabara ambayo haiendi popote. Ni karibu na mji wa Ottawa kule Illinois, mizunguko sita, ndani yake vipande 836 vya lami na zege vyenye unene tofautitofauti, kingine tabaka nene la kokoto chini, kingine jembamba, kingine hakina kabisa. Alafu wakaleta malori na wanajeshi wa kuyaendesha, na kazi ya hao wanajeshi ikawa moja tu, kuzunguka, usiku na mchana, kuanzia Oktoba 1958 mpaka Novemba 1960, mpaka kila kipande kikawa kimepitiwa na ekseli (yani mhimili wenye magurudumu pande mbili) zaidi ya milioni moja na laki moja au kimevunjika kabla ya hapo. Mzunguko mmoja uliachwa bila gari lolote ili waone hali ya hewa peke yake inafanya nini. Gharama ilikuwa dola milioni 27, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa hela nyingi mno kwa barabara ambayo hakuna mwananchi hata mmoja angeipita kwenda kazini.

Sasa jibu lililotoka pale ndio linanifanya nilitaje jaribio hili kila nikipata nafasi. Waligundua kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawasawa na uzito wa gari, unaongezeka kwa takriban uzito wa ekseli ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Yani ukiongeza mzigo kwenye ekseli mara mbili, barabara haiumii mara mbili, inaumia karibu mara 16. Chukua ekseli ya kawaida ya kupigia hesabu, tani 8.2 hivi, alafu mtu aje na ekseli ya tani 10, unaona kama kazidisha kidogo tu, lakini barabara inahesabu kupita kwake mara moja kama ile ya kawaida imepita zaidi ya mara mbili. Akija na tani 13 ni zaidi ya mara 6. Na gari dogo la abiria ambalo ekseli yake haifiki hata tani moja, uharibifu wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya ekseli ya lori, kwa hiyo magari madogo hata yakijaa foleni ya kutwa nzima hayaivunji barabara iliyojengwa vizuri. Hoja yote ya mizani za barabarani, ya kwamba nani alipe zaidi kodi ya barabara, ya kwamba lori liwekewe ekseli tatu nyuma badala ya mbili, inasimama kwenye namba ile, na namba ile isingetoka bila mtu kukubali kununua malori, kulisha wanajeshi na kusubiri miaka miwili.

Na kitu kingine kilichotoka palepale ambacho watu hawakisemi sana: waliwapakia watu kwenye magari wakawapitisha kwenye barabara za aina mbalimbali, kila mmoja atoe maksi kuanzia 0 mpaka 5 kwa jinsi barabara inavyompeleka, alafu maksi zile wakazilinganisha na vipimo vya nyufa, viraka na mawimbi ya barabara. Kwa mara ya kwanza ubovu wa barabara ukapata namba inayotokana na mtumiaji mwenyewe, na sio inspekta peke yake kusema hii mbaya hii nzuri.

Lakini jaribio lile lilikuwa na mipaka na hapa ndipo hoja yangu inapoanzia hasa. Lilifanyika sehemu moja, aina moja ya udongo, hali moja ya hewa, miaka miwili. Barabara kuu za siku hizi zinapitiwa na makumi ya mamilioni ya ekseli katika maisha yake, matairi yamebadilika, presha ya matairi imepanda, malori yamekuwa marefu. Na bado kwa miongo mingi vitabu vya usanifu vilivyotumika nchi nyingi sana duniani, zikiwemo zenye joto kali na zisizojua theluji ni nini, vilitokana na milinganyo ya pale Illinois. Sio kwamba wahandisi walikuwa wajinga, hapana, hakukuwa na data nyingine ya kiwango kile. Mtu ukishakuwa na jibu moja tu unalitumia kila mahali, na kila unapolisogeza mbali na lilikozaliwa unaongeza unene wa tabaka kwa woga au unapunguza kwa matumaini, na vyote viwili ni hela inayopotea.

Sasa swali la nani alipe. Watu wengi wananiambia teknolojia iachiwe kampuni binafsi, wao ndio wabunifu. Kwenye simu na magari naweza kukubali. Kwenye barabara haiendi hivo, na sababu ni jinsi biashara yenyewe ilivyokaa. Mkandarasi anashinda zabuni kwa bei, anajenga kwa vipimo alivyoandikiwa, anakaa kwenye kipindi cha uangalizi ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja hivi, alafu anaondoka. Akigundua mchanganyiko wa lami utakaodumu miaka 25 badala ya 15, faida ya ile miaka kumi haiendi mfukoni kwake, inaenda kwa mwenye barabara, na mwenye barabara ni serikali. Tena hata akitaka kuujaribu haruhusiwi, maana vipimo vya mkataba havimruhusu kuweka kitu ambacho hakijaandikwa, na aliyeandika vipimo hawezi kukiandika kwa sababu hakijawahi kujaribiwa popote. Basi tunazunguka hapohapo. Anayeweza kuvunja huo mzunguko ni yule anayemiliki barabara, anayeandika vipimo na ambae atakuwepo miaka 20 ijayo, na huyo ni mmoja tu.

Kuna mzee mmoja tuliyekuwa nae kazini zamani, injinia wa siku nyingi, nilimuuliza kwa nini pendekezo letu la vipande vya majaribio lilikuwa linarudishwa kila mwaka. Akaniambia, "Mwanangu, utafiti hauna utepe wa kukata." Hakuwa anatania, alikuwa ananieleza hali ilivyo, kwamba kiongozi anahitaji kitu cha kuzindua na karatasi yenye jedwali la nyufa haizinduliwi. Nimelifikiria sana lile neno, na naona dawa yake sio kumsubiri kiongozi anayependa majedwali, dawa ni kuitoa hela ya utafiti kwenye mikono ya mvutano wa kila mwaka.

Na hili limeshafanyika, sio ndoto. Mwaka 1984 wataalamu kule Marekani walitoa ripoti kwa nchi yao wakisema sekta ya barabara inatumia mabilioni kujenga lakini kwenye utafiti inatumia kiduchu ukilinganisha na viwanda vingine. Pendekezo lao lilikuwa rahisi kabisa: tukate robo ya asilimia moja ya hela ya serikali kuu ya barabara, tuiweke kando kwa miaka mitano, tushughulike na maswali machache makubwa tu. Mwaka 1987 ikapitishwa kwenye sheria, dola milioni 150. Robo ya asilimia moja, yani kwenye kila 400 unatoa 1! Nikiwaambia watu namba hii huwa wanafikiri nimekosea, wanadhani utafiti lazima ule asilimia kumi ya bajeti.

Theluthi moja hivi ya hela ile ilienda kwenye lami, na hapa naomba nikae kidogo maana ndio kazi yangu ya kila siku. Kabla ya mpango ule, njia mojawapo iliyozoeleka ya kuipima lami ilikuwa kuichoma na sindano. Unaiweka lami kwenye kikopo, unaipoza mpaka nyuzi 25, sindano yenye uzito wa gramu 100 inaachiwa kwa sekunde 5, unasoma imezama kiasi gani kwa sehemu za kumi za milimita. Ikizama sana lami ni laini, ikizama kidogo ni ngumu. Ni kipimo kizuri, cha haraka, na kwenye maabara nyingi bado tunakitumia. Shida ni kwamba kinakwambia lami ikoje kwenye nyuzi 25 siku hiyo, wakati barabara inaumia mchana jua likiwa limeipasha mpaka nyuzi 60 na zaidi, hapo malori yanaikanyaga inasogea pembeni na kuacha mifereji ya matairi, alafu inaumia tena ikishazeeka na kukauka, inapasuka kama udongo wa mfinyanzi uliosahauliwa juani. Lami mbili zinaweza kutoa namba ileile ya sindano, moja ikadumu na nyingine ikaharibika msimu wa kwanza wa joto.

Mpango ule ukaja na kitu kinaitwa Superpave, na ndani yake lami inapimwa kwa joto la barabara yenyewe itakapowekwa. Ndio maana siku hizi utaona lami imeandikwa PG 64-22, maana yake inategemewa kuvumilia joto la barabara mpaka nyuzi 64 na baridi mpaka nyuzi 22 chini ya sifuri. Na kabla ya kuipima unaizeesha kwanza. Unaizungusha kwenye oveni ya nyuzi 163 kwa dakika 85 ikiwa imetandazwa nyembamba ndani ya chupa, hiyo inaigiza yanayoipata kiwandani ikichanganywa na kokoto za moto, alafu unaihamishia kwenye chombo cha presha, joto kama nyuzi 100, hewa imegandamizwa karibu mara 20 ya kawaida, inakaa humo saa 20. Ikitoka unaona kabisa imebadilika, imekuwa ngumu, haivutiki kama mwanzo, ni lami ya siku moja lakini mwili wake ni wa barabara iliyokaa juani miaka mingi. Kwa mtu wa maabara hicho ni kitu kikubwa sana, kuweza kumuonyesha mkandarasi leo barabara yake itakuwaje miaka ijayo kabla hajamwaga hata tanki moja. Na chombo kile na vipimo vile hakuna kampuni ya mafuta ingevigharamia ivigawe kwa washindani wake wote.

Mpango uleule ukaanzisha na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko hata Superpave. Walichagua vipande vya barabara halisi, zinazotumika na watu, Marekani na Kanada, jumla zaidi ya 2,500, wakaanza kuvifuatilia: unene, udongo wa chini, mvua, joto, malori yanayopita, nyufa, mawimbi, kila matengenezo yanayofanyika. Ulipangwa kwa miaka 20 na bado unaendelea, na data yake imewekwa wazi, mwanafunzi popote alipo anaipakua bure. Sasa hapo mtu anaweza kujibu maswali ambayo jaribio la Illinois lisingeweza kamwe, kwa mfano maji yakikaa chini ya tabaka la msingi yanapunguza umri kwa kiasi gani, au ukiziba ufa mapema unaokoa nini. Huwezi kuharakisha data ya namna hiyo. Hata ukimwaga hela mara kumi, mwaka unabaki mwaka.

Ndio maana mipango ya mwaka mmoja mmoja inaniudhi. Mtafiti anapewa hela mwezi wa tatu wa mwaka wa fedha, anatakiwa aitumie na kutoa ripoti kabla ya mwaka kuisha, anachoweza kufanya ni kukusanya ripoti za wengine na kuandika nyingine. Barabara inahitaji angalau misimu kadhaa ya mvua ndipo iseme chochote.

Kuna wanaosema basi utafiti wafanye matajiri, sisi wengine tusubiri majibu. Siafiki, na ushahidi ninao. Kati ya mwaka 1971 na 1975 maabara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa barabara pamoja na Benki ya Dunia walifanya utafiti Kenya, wakafuatilia barabara za lami na za changarawe, zinavyochakaa na magari yanayopita juu yake yanatumia kiasi gani cha mafuta, matairi na vipuri. Kutoka pale ikazaliwa modeli ya kompyuta, na ukoo wa modeli zile ndio umefika mpaka HDM-4 inayotumika leo kuamua barabara ipi itengenezwe na kwa hela gani katika nchi nyingi. Angalia, swali la changarawe inapotea kwa kasi gani na mwenye lori analipa nini kwa ajili ya barabara mbovu lisingejibiwa kwenye barabara za zege za nchi tajiri. Afrika Kusini nayo, kupitia taasisi yake ya umma ya utafiti, CSIR, ikatengeneza mashine kubwa inayobeba tairi la lori na kulisukuma mbele na nyuma juu ya kipande cha barabara halisi, mzigo unaouchagua wewe, ili uharibifu wa miaka uupate ndani ya miezi. Miaka ya 1990 jimbo la California likanunua mashine hizo kutoka kwao. Kwa hiyo hii habari ya kwamba maarifa yanasafiri upande mmoja tu sio kweli, yanatoka pale ambapo mtu alikaa akapima.

Na udongo hauazimwi! Udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, changarawe nyekundu ambazo vitabu vya nje vinazikataa wakati kazini zinafanya vizuri tu, mvua inayoshuka yote kwa saa mbili, hivi vitu lazima kila mwenye navyo avipime mwenyewe. HDM-4 yenyewe inakutaka uirekebishe kwa hali ya kwako, na ukiitumia na namba zilizokuja nayo inakupa majibu ya nchi nyingine kwa lugha ya hela yako.

Madaraja ni habari nyingine na hapa hasira yangu inakuwa zaidi kwa sababu kuna vifo. Tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge kwenye mto Ohio lilianguka jioni watu wakiwa wanatoka kazini, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa kwenye kiungo kimoja cha chuma, wenye kina cha milimita 2 na ushee tu, ndani ya tundu la pini ambapo hakuna jicho lingeweza kufika bila kulifungua daraja. Baada ya pale ndio Marekani ikawa na sheria ya kukagua madaraja yote kwa utaratibu mmoja. Karibu miaka 51 baadae, tarehe 14 Agosti 2018, daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, nalo likaanguka, watu 43. Pale nyaya za chuma zilizobeba daraja zilikuwa zimefunikwa ndani ya zege, kwa hiyo kutu ilikuwa inakula ndani huku nje unaona zege tu. Ukiyaweka haya mawili pamoja swali la utafiti linajiandika lenyewe: tutaonaje ndani ya kitu ambacho hatuwezi kukifungua? Hilo ni swali la fizikia, la mawimbi ya sauti, rada, umeme, kompyuta za kuchambua kelele. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ikishirikiana na chuo kikuu cha Rutgers ilitengeneza roboti inayotembea juu ya sakafu ya daraja ikiwa na rada, vipimo vya mwangwi na vya umeme, inatoa ramani ya wapi zege limeachana na nondo na wapi kutu imeanza. Kwa macho na nyundo fundi angegonga siku nzima na bado angekosa mengine.

Utafiti wa mbele kabisa ndio huu, unaochukua mtu wa fani ambayo haina uhusiano na barabara na kumkalisha na mtu wa barabara. Japani ni mfano mzuri mno. Baada ya vita ya pili ya dunia walikatazwa kutengeneza ndege, mainjinia wengi wa ndege wakabaki hawana kazi, taasisi ya utafiti ya shirika la reli la umma ikawachukua. Mmoja wao, Matsudaira Tadashi, alikuwa amebobea kwenye mitetemo ya mabawa ya ndege. Wakati ule treni zikikimbia sana behewa lilikuwa linaanza kuyumba kushoto kulia mpaka linatoka relini, na watu wa reli wakilaumu reli kuwa mbovu. Yeye akaonyesha kuwa mtetemo unazaliwa na magurudumu yenyewe yakifika kasi fulani, jambo alilokuwa analijua kutoka kwenye ndege, na kwamba ukiisanifu vizuri seti ya magurudumu na springi zake unaumaliza. Mwaka 1957 taasisi ile ikatangaza hadharani kwamba Tokyo mpaka Osaka kwa saa tatu inawezekana, na tarehe 1 Oktoba 1964 Shinkansen ikaanza kwa kilomita 210 kwa saa. Ile hela ya kuwalipa mainjinia wa ndege wakae ofisi za reli miaka zaidi ya kumi, mhasibu wa kawaida angeifuta mwaka wa pili.

Sitaki nieleweke kwamba kila utafiti unalipa. Ujerumani ilifadhili kwa miongo treni ya sumaku ya Transrapid, inayoelea juu ya njia yake maalum badala ya kukanyaga reli, ikajenga njia ya majaribio Emsland, mwaka 2006 ikatokea ajali pale wakafa watu 23, mradi wa Munich ukafutwa 2008 kwa gharama, na mstari wa biashara uliojengwa kwa teknolojia ile ni ule wa Shanghai, kilomita 30 tu. Ni kitu kizuri kiteknolojia, nimesoma mengi juu yake na navutiwa, lakini hakuna aliyekuwa amejibu mapema kama faida ya kasi inatosha kuacha reli zote ulizonazo. Na mwaka 2004 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, DARPA, iliweka zawadi ya dola milioni moja kwa gari litakalojiendesha lenyewe jangwani, hakuna hata moja lililomaliza, lililofika mbali zaidi lilienda kama kilomita 12 kati ya zaidi ya 200. Mtu mwingine angesema tumechoma hela. Wao wakarudia mwaka uliofuata kwa dola milioni mbili, magari matano yakamaliza, na watu waliotoka kwenye mashindano yale ndio walioenda kuanzisha miradi mikubwa ya magari yanayojiendesha. Tofauti ya hadithi hizi mbili kwangu ni kwamba DARPA walitumia kidogo kujua mapema, wakati kwa treni ya sumaku maswali magumu yaliulizwa hela nyingi ikiwa imeshazikwa ardhini.

Kwa hiyo ningependa hela ya utafiti wa mbele iende kwa hatua. Nyingi ndogo mwanzoni, kwa mawazo ya ajabuajabu hata kama tisa kati ya kumi yatakufa, mfano zege lenye bakteria wanaoziba nyufa wenyewe kama alilolifanyia kazi Henk Jonkers pale Delft, Uholanzi, au sensa ndani ya lami zinazohesabu ekseli. Wanaochambua wawe watu wa nje wasio na maslahi. Kinachofeli kiandikwe na kiwekwe wazi, maana wazo lililofeli kimyakimya litafadhiliwa tena na mwingine. Alafu, na hapa ndipo fedha nyingi zinakosewa, kitakachofaulu maabara kitengewe hela ya kukitoa nje. Katikati ya maabara na barabara ndipo mawazo mengi yanafia, kwa sababu injinia wa mkoa au wilaya akiruhusu kitu kipya kikaharibika, barua ya onyo inakuja kwa jina lake, kikifanya vizuri hakuna anayemkumbuka. Sheria ya utafiti iseme wazi kwamba kipande cha majaribio kikiharibika gharama ya kukirudishia inatoka kwenye mfuko wa utafiti na sio bajeti yake ya matengenezo, na hakuna wa kulaumiwa kama taratibu zilifuatwa. Hicho kifungu kimoja kinaweza kufungua milango kuliko hotuba zote.

Na wakati wa kufanya haya ni sasa kwa sababu hali ya hewa inatuhama. Zile PG 64 na nyingine tunazichagua kwa rekodi za joto za miaka iliyopita, makalvati tunayapima kwa mafuriko ya zamani, na barabara ninayoipima leo inatakiwa iwe hai miaka 20 au 30 mbele, kwenye joto na mvua ambazo jedwali langu halijawahi kuziona.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu kwa wanaopanga hela za barabara, nisingeomba roboti wala treni ya sumaku. Ningeomba robo ya asilimia ile, ifungwe kisheria, na ya kwanza ilipie vipande mia mbili vya barabara zilizopo, vya mita 150 kila kimoja, vichaguliwe kwa udongo na mvua tofauti, vipimwe kila mwaka kwa vifaa vilevile na kwa utaratibu uleule bila kuruka hata mwaka mmoja, data iwekwe mtandaoni wazi. Na vipande hivyo viwekewe alama barabarani na kwenye ramani za matengenezo za kila ofisi, kwa maandishi makubwa, kwa sababu kinachoua majaribio ya namna hii mara nyingi sio ukosefu wa hela, ni timu ya matengenezo kufika asubuhi kwa nia njema na kumwaga tabaka jipya la lami juu ya kipande kilichokuwa kwenye mwaka wake wa tisa wa vipimo.